Roboti ya kufagia kwenye nyumba ya chokaa: miezi 16 na brashi zake

Nimekaa na hii roboti ya kufagia miezi 16 sasa, inafanya kazi karibu kila siku isipokuwa umeme ukiwa haupo, nshaifungua mpaka skrubu zake nazijua kwa kupapasa, na mara mbili tulisema imekufa na zote mbili haikuwa imekufa. Ndo mana nimeona niandike saa hizi, si ile siku ya kufungua boksi ambapo kila kitu kinang'ara. Na nnalotaka kusema hasa ni moja tu, brashi. Watu wanauliza inavuta kiasi gani, betri inakaa muda gani, inachora ramani au haichori, jamani hayo yote yaje baadae, roboti hii ni brashi. Brashi ikiwa safi unafagiliwa nyumba, brashi ikizongwa na nywele unabaki na mashine inayozunguka ukumbini na kupiga kelele basi.

Sie tunakaa Mji Mkongwe, juu ghorofani, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Anokaa nyumba hizi anajua, chokaa haishi kudondoka, asubuhi umefagia, adhuhuri ukipitisha kidole juu ya kabati kinatoka cheupe. Kuna waliotwambia tupigeni simenti ukutani tupumzike, lakini simenti inafungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa na mwisho ukuta wenyewe unaoza, kwa hiyo unga ule tunaishi nao. Juu ya hayo kuna mchanga unaopanda ngazi na viatu, kuna paka wawili ambao si wetu lakini wanalala kwetu, tuko wanawake watano ndani na nywele zetu zote ndefu, na kuna mama anashona kofia.

Mama ana pumu na magoti yake yamechoka. Kufagia na fagio la chelewa ni kuinama, na ukiinama ule unga wote unakuja usoni, basi kila siku akimaliza ukumbi anakaa kwenye kiti anahema, unamwona mabega yanapanda na kushuka, na ukimwambia mama acha mie ntafagia nikirudi kazini anakwambia nyumba haikai chafu mpaka saa kumi. Nshawahi kumficha fagio, akatumia la jirani. Kaka yangu alieko Maskati alipokuja likizo akaja na hii roboti kwenye begi, kasema ukiigeuza kwa shilingi ni kama laki nne na themanini. Chaja yake ina plagi ya pini tatu bapa kama zetu na imeandikwa 100 mpaka 240V, ikaingia ukutani moja kwa moja. Kampuni siitaji, ni hizi za bei ya kati, duara jeusi, chini ina brashi kubwa moja ya kuzunguka, pembeni mbele ina ndogo yenye mikono mitatu. Waifai inataka ile ya 2.4 GHz, ikikataa kuunga basi angalia ruta yako kwanza.

Niseme kidogo inavofanya kazi mana wauzaji hawaelezi. Ile brashi ndogo ya pembeni kazi yake ni kukokota taka kutoka kwenye kona na kando ya ukuta kuzileta katikati, njia ya brashi kubwa. Brashi kubwa inazunguka mbio inapiga sakafu, inanyanyua mchanga na nywele, na hapo tena ndo upepo wa ndani unavuta kuingiza kwenye kisanduku. Yani upepo unakula kilichonyanyuliwa na brashi. Kwa hiyo unapoona dukani wameandika Pa 2000, Pa 4000, sijui Pa ngapi kwa maandishi makubwa, hizo ni nguvu za kuvuta tu, na hazikusaidii kitu kama brashi imesimama au inazunguka kwa kusuasua.

Miezi miwili ya mwanzo nyumba yote ilikuwa raha tupu. Saa tatu asubuhi inatoka kwenye chaja yake, inapiga ukumbi, inaingia vyumba viwili, mama kakaa juu ya kitanda miguu kainyanyua anaitazama, anaisemesha kabisa, "pita hapa mwanangu, hapa hukupita". Kikohozi cha asubuhi kikapungua, sisemi kimekwisha, kimepungua, na kwangu mie hilo tu lilinitosha kuipenda.

Mwezi wa tatu ikaanza kutoa sauti nzito, kama mtu anasaga meno. Mchanga ikawa inaupita unabaki mistari mistari. Halafu muda ukapungua, mwanzo ilikuwa inakwenda karibu saa moja na nusu ndo inarudi kuchaji, sasa dakika 40 tu hiyo inarudi. Tukasema betri imechoka. Siku moja ikasimama katikati ya ukumbi taa nyekundu, sauti ya kike ikasema Kiingereza kuwa brashi kuu imenasa, tukaizima tukaiwasha, ikenda hatua mbili ikasimama tena. Niliporudi kazini nikamkuta mama na chelewa lake mkononi kainama, roboti kaifunika na kanga pembezoni, akanambia "basi mwanangu, imeshatimiza siku zake".

Usiku ule nikaigeuza juu chini kwenye mkeka. Kifuniko cha brashi kina vibonyezo viwili, unabonya pamoja unanyanyua. Nikaitoa brashi, na wallahi haikuonekana kama brashi, ilikuwa kama gunzi la uzi. Nywele zetu sote watano, manyoya ya paka, maua ya asumini yaliyokauka yakawa kama karatasi, kipande cha ukindu kilichochanika kwenye mkeka kimejipenyeza kama sindano, nyuzi za usumba sijui zimetoka wapi, na juu ya yote uzi mweupe wa kofia umezunguka umezunguka umekaza. Nikakata na mkasi kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha, nikachambua, zikatoka taka za kujaza kiganja. Nikairudisha, ikafanya kazi. Nikalala na furaha.

Siku mbili tu. Siku ya tatu sauti ileile, taa ileile.

Hapo ndo nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi upande wa Darajani, anatengeneza simu na mafeni na chochote unachomletea. Nilimwambia betri imekufa. Hakugusa betri. Kaitoa brashi, kaishika ile ncha moja akaikunja kwa kidole gumba, kikatoka kifuniko kidogo ambacho mie nilidhani ni kitu kimoja na brashi, na ndani yake pana beringi, na baina ya beringi na brashi palikuwa na pete. Pete ya nywele na uzi wa kofia, ngumu, nyeusi, imebanwa mpaka inang'aa kama plastiki. Kaichokoa na sindano ya baibui ikatoka nzima, akaniwekea mkononi, akanambia "dada, ugonjwa ulikuwa hapa". Na kile kifuniko kwa ndani kimeanza kuyeyuka, pana alama ya moto kabisa, kwa sababu pale panasuguana brashi ikizunguka na nywele zimebana hakuna pa joto kwenda. Na betri pia akanieleza, mota ikilazimishwa kuzungusha kitu kilichobanwa inakula umeme mwingi, ndo mana dakika 40 inarudi. Betri ilikuwa nzima. Shilingi elfu kumi, na somo lote lile, na akanitazama niifungue mwenyewe mara mbili mbele yake mpaka akaridhika.

Kwa hiyo kama hukusoma kitu chengine humu soma hili: kukata nywele zinazoonekana juu ya brashi ni nusu ya kazi, na ni ile nusu nyepesi. Ugonjwa uko kwenye ncha mbili. Brashi nyingi ncha moja ina umbo la mraba au pembe sita, hiyo inaingia kwenye mota, na ncha ya pili ina kifuniko chenye beringi kinachochopoka. Nyengine kinatoka kwa kuvuta tu, nyengine unazungusha kidogo. Usitumie nguvu kwa bisibisi utaikata plastiki, kama hakitoki basi mara nyingi ni nywele zenyewe zimekishika, kata kwanza unachokiona pembeni halafu vuta taratibu.

Uzi wa kofia nauzungumzia peke yake kwa sababu nyumba nyingi huku zina mshonaji, wa kofia au wa nguo. Nywele ikikazwa inakatika. Uzi haukatiki. Unaingia kwenye ile nafasi nyembamba baina ya brashi na kifuniko na kila mzunguko unaivuta na nywele nyengine ndani, yani uzi ni kamba na nywele ni mzigo. Mama alipoiona ile pete alisikitika sana, akahisi yeye ndo kaiharibu, nikamwambia mama hukuiharibu, hatukujua sote. Sasa ana kibakuli cha udongo pembeni yake anatia vipande vya nyuzi humo, na roboti inatoka kabla hajakaa kushona. Hilo peke yake limepunguza uzi kwenye brashi zaidi ya nusu kwa macho yangu.

Tunaisafisha Alhamisi jioni, na imekuwa kazi yangu na mama pamoja. Tunageuza juu ya gazeti. Mkasi mdogo wa nyuzi, sindano nene butu, mswaki wa zamani mkavu, na kitambaa cha pamba kilichokamuliwa sana. Ndani ya boksi ilikuja na kile kichana chenye ndoana na wembe ndani yake, ni kizuri, unakipitisha kwenye mfereji wa brashi nywele zinakatika mstari mmoja, lakini kwenye brashi yenye mipira usikikandamize, utaichana ile mipira. Nakata, nachambua, nafungua ncha, mama anachukua sindano anazungusha kwenye beringi anatoa kila kiuzi. Ana mkono wa kushona kofia, anaona vitu mie sivioni, anaishikilia brashi dirishani kwenye mwanga anaigeuza polepole kama anatafuta kosa kwenye viua. Halafu naizungusha kwa kidole, ikizunguka laini bila kukwama tunairudisha. Dakika 15, na wiki za wageni nyumba ikijaa watu pengine dakika 20. Mafuta situmii kabisa kwenye beringi, hata ya cherehani, nilitia mara moja na mchanga ukaganda pale ukawa kama msasa.

Brashi ya pembeni nayo ina yake. Imeshikwa na skrubu moja tu katikati, na watu wengi wanakata nywele zinazoning'inia bila kuitoa. Itoe. Chini yake kwenye mhimili ndo zinapojificha, na zikijaa mikono inaanza kukwaruza na kuzunguka kombo. Skrubu yenyewe kwetu huku inashika kutu kwa sababu ya hewa ya bahari, yangu mwezi wa saba ilikuwa haigeuki tena, fundi aliitoa kwa shida akaniwekea ya chuma kisichoshika kutu, ndogo kama mbegu ya papai. Mikono ikipinda, na itapinda kwa sababu inagonga miguu ya viti kutwa, chovya kwenye maji ya moto sekunde chache, si ya kutokota, inyooshe kwa vidole, halafu tia maji baridi. Inarudi kuwa sawa. Nimefanya hivyo mara nne kwa brashi moja kabla sijaibadilisha. Hewa hiyo hiyo ya bahari inafifisha vile vibati viwili vya kuchajia, chini ya roboti na kwenye kituo chake, vinakuwa na utando, ukiona inarudi kwenye chaja lakini haichaji vipanguse na kitambaa kikavu kabla hujaita mtu.

Gurudumu dogo la mbele wengi hawajui kuwa linatoka. Lichomoe kwa kulivuta moja kwa moja, halina skrubu, ndani utakuta nywele zimejizonga kwenye mhimili wake. Likikwama, roboti inaliburuza na inachora mistari kwenye sakafu, na ile ya kwetu ilikuwa inapotea njia ya chumbani kwa sababu hiyo tu.

Sasa brashi za kununua. Nimetumia aina tatu. Ile iliyokuja nayo ni mchanganyiko, mistari ya nywele za nailoni na mistari ya mpira, imefanya kazi vizuri miezi tisa mpaka nailoni zikawa fupi na kulala upande mmoja. Ya pili niliinunua duka moja hapa mjini, elfu 15, muuzaji kaniambia dada hii ni ileile, na kwa macho ilikuwa ileile. Haikuwa ileile. Ilikuwa imezidi urefu kidogo sana, unaisikia inavyobana ukifunga kifuniko, ikawa inapiga mluzi, na wiki ya pili nywele zake zenyewe zikaanza kung'oka, nazikuta kwenye kisanduku za bluu. Niliirudisha, muuzaji akakataa. Sitaki kugombana na mtu kwa elfu 15 lakini nawaambia wenzangu, nenda dukani na brashi yako ya zamani mkononi, ziweke pamoja, pima urefu, tazama ncha zote mbili kama ni umbo moja, na uzungushe ile ncha ya beringi, ikikwaruza ingali mpya basi iache hapohapo.

Ya tatu ni ya mpira mtupu, haina nywele hata moja, kaka kaituma kwa mtu alokuwa anakuja, na seti nzima na filta mbili na brashi za pembeni nne ikafika kama elfu 55. Hizi za mpira si kitu kipya, iRobot wa Marekani, wale wa Roomba iliyoanza kuuzwa 2002, walitoa roboti yenye brashi mbili za mpira 2013 kwa sababu hiihii ya nywele kuzongana. Na kweli. Kwenye mpira nywele hazina pa kushika, nyingi zinateleza kwenda kisandukuni. Alhamisi ya kwanza tulipoifungua mama alidhani haikufagia. Lakini haifanyi kila kitu. Kwenye marumaru na sakafu ya simenti ni nzuri kupita ile ya nailoni, kwenye zulia letu la chumbani lenye manyoya inaacha mchanga, ile ya nailoni inachambua zaidi. Na ncha bado zinakusanya uzi, usidanganyike, ncha ni lazima zifunguliwe hata kwa mpira. Sasa hivi nakaa na ya mpira siku zote, nikitaka kupiga zulia natia ya nailoni mpya Jumamosi moja kwa mwezi.

Kuosha brashi na maji inawezekana ile ya mpira, kifuniko cha beringi kitoe kwanza, na ikauke kabisa, ikauke kweli. Filta ndo yenye shida zaidi kwenye maji. Chokaa yetu inaijaza kwa siku nne tano, na filta ikijaa hata brashi safi haisaidii, taka zinanyanyuliwa halafu zinarudi sakafuni. Naigongagonga nje kwenye ndoo kila siku ya pili, na hii simwachii mama kabisa, kumwaga kisanduku na kugonga filta nafanya mie na barakoa nimeivaa, kwenye uwazi wa juu, mana ule unga ndo uleule tunaoukimbia. Kuosha, osha tu kama imeandikwa inaoshwa, halafu ikauke saa 24. Kipindi cha masika saa 24 hazitoshi, nimeacha siku mbili na bado kwenye mikunjo ilikuwa na unyevu. Mwaka jana niliirudisha ikiwa haijakauka vizuri, nyumba ikanuka kama nguo zilizolala kwenye beseni na ule unga wa chokaa ukawa uji ndani ya kisanduku. Kuwa na filta mbili, moja kazini moja inakauka.

Chini yake pembezoni pana vioo vidogo, hizo ni sensa za kuzuia isianguke. Sie ngazi zetu ni kama za nyumba zote za huku, kali kama za mnara, na mama alikuwa anaogopa sana. Haijaanguka hata mara moja, inafika ukingoni inageuka. Ila vioo vikishika unga inadhani kila mahali ni shimo, inarudi nyuma nyuma katikati ya ukumbi, na kwenye zulia jeusi inakataa kupanda kwa sababu rangi nyeusi hairudishi ule mwanga wake. Pangusa na kitambaa kikavu Alhamisi unapofanya brashi.

Vitu vya kuondoa sakafuni kabla haijatoka. Mikeka, kunja simamisha, inaisukuma ikajikunja nayo na ukindu unachanika. Vikuba, ule uzi uliotungiwa asumini ni uzi kama uzi mwengine. Waya za simu. Na chetezo, tafadhali, hasa sie tunaofukiza udi na ubani asubuhi, makaa yakidondoka hata kipande kidogo chenye moto ndani kikaingia kwenye kisanduku chenye nywele na vumbi, sitaki hata kufikiria. Majivu nayo hata yakiwa baridi usiiachie, yanaziba filta siku moja. Tunafukiza baada ya roboti kurudi kwenye chaja, na chetezo kinakaa juu ya sinia.

Na tasbihi. Mama baada ya alfajiri anaiweka kwenye ncha ya kitanda, siku hiyo ikaanguka bila yeye kujua. Saa tatu roboti ikaingia chini ya kitanda na tukasikia kama mvua ya mawe ndani ya kopo. Uzi umekatika, punje zimetawanyika. Hii ni tasbihi aliyoletewa na marehemu baba alipokwenda hija, kwa hiyo mnaweza kufahamu hali ilivokuwa. Nikamwaga kisanduku kwenye sinia jeupe, tukahesabu pamoja, punje 32. Inakosekana moja. Tukatafuta chini ya kitanda na tochi, nyuma ya kabati, hakuna, mama kanyamaza kimya. Mwisho nikatoa brashi na kufungua ile ncha, na punje ilikuwa imekaa pale pembeni ya kifuniko cha beringi, imefungwa na uzi wake mwenyewe kama imeshonewa. Haikupasuka. Mama aliitunga upya jioni ileile na uzi wa kofia, mara mbili mbili.

Nani anunue basi. Kama una sakafu ya marumaru au simenti, na vizingiti vyako havizidi sentimita mbili, na kuna mtu ndani wa kuipa dakika 15 kila wiki, nunua, hasa kama una mzee mwenye kifua. Kama nyumba yako ina uwa wa mchanga mbichi unaoingia ndani na miguu muda wote, au hakuna atakaegeuza juu chini hata siku moja, hela yako ifanyie kitu chengine, baada ya miezi mitatu itakuwa imefunikwa kanga kama ile yetu. Na kabla hujalipa muulize muuzaji spea, brashi kubwa, ya pembeni, filta, na beringi yake, akikwambia zitakuja inshaallah muulize zimeshawahi kuja.

Mie nyota naipa nne. Ya tano imeiondoa ile klipu ya kifuniko cha brashi, ni plastiki nyembamba mno kwa kitu kinachofunguliwa kila wiki, ya kushoto imepasuka mwezi uliopita. Nimeagiza kifuniko kizima, kaka kasema kinakuja na mtu wiki ya pili ya mwezi. Kwa sasa fundi kanitilia kipande cha bati chembamba pale, kinashika vizuri kwenye marumaru, ila kwenye zulia kinalegea, kwa hiyo chumba cha zulia nakifagia mie mwenyewe nikirudi kazini, na fagio la chelewa nimeliweka juu ya kabati ambako mama hafiki.